Unataka kwenda Yuendumu? Anza kwa kupiga hodi

Watu wakija kunitembelea hapa Alice Springs, katikati ya Australia, wengi wanataka Uluru, lile jabali jekundu, wapige picha warudi. Sikatai, ni kuzuri sana. Lakini kila mara kuna mmoja anauliza, hivi wenyeji wenyewe wa hii nchi wanaishi wapi, naweza kwenda kuwaona? Nimeshaeleza mara nyingi mno sasa nimeona niandike kabisa. Nitatumia Yuendumu kama mfano maana ndo njia ninayoijua, ni kijiji cha Wawarlpiri, kabila moja la Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, kama kilomita 290 kaskazini magharibi ya Alice, yaani chukua Dar mpaka Morogoro halafu ongeza nusu yake tena, ila njiani hakuna Chalinze, hakuna mahindi ya kuchoma, unaweza kwenda saa nzima usikutane na gari.

Kwanza hilo neno "kuwaona" naomba uliache nyumbani. Hatuendi Mikumi. Unaenda kwenye makazi ya watu, kuna shule, kliniki, maduka, kanisa, uwanja wa mpira, mabibi wamekaa chini ya mti na wajukuu. Kwetu mtu haingii uwanja wa mwenzake hivi hivi, anasimama nje anaita hodi mpaka asikie karibu. Na huku ni hivyo hivyo, tofauti ni kwamba hodi yenyewe unaianza wiki mbili kabla na unaianzia kwenye simu.

Jua unaenda kwa nani

Soma kidogo kabla ya kuondoka. Wawarlpiri ni watu wa jangwa la Tanami, wao wanajiita yapa, na mzungu wanamwita kardiya. Yuendumu ilianzishwa na serikali mwaka 1946 kama sehemu ya kugawia chakula, watu wakakusanywa pale kutoka kwenye maeneo yao. Lakini kuna jambo la kabla ya hapo ambalo ukilijua utaelewa kwanini mzee anaweza kukuangalia kimya muda mrefu kabla ya kukujibu. Mwaka 1928, baada ya mzungu mmoja mtega mbwa mwitu kuuawa kwenye kisima kinachoitwa Yurrkuru, polisi na wenzake walizunguka nyika kwa wiki kadhaa wakiua watu, wake kwa waume. Hesabu ya serikali ilisema 31. Familia zenyewe zinasema walikuwa wengi zaidi ya hapo, mno. Yanaitwa mauaji ya Coniston, na ilichukua mpaka mwaka 2018, miaka 90 baadaye, ndo mkuu wa polisi wa jimbo akaja akaomba msamaha. Hao waliouawa ni babu na bibi wa watu utakaowakuta pale. Usiende ukawauliza uliza habari hizo, subiri kama mtu ataamua mwenyewe kukusimulia.

Na lugha. Kiwarlpiri kinaongewa nyumbani, kinaongewa dukani, na shule ilianza kufundisha kwa lugha mbili tangu 1974. Kiingereza kwa wengi ni lugha ya pili au ya tatu, kama kwetu tu, kwa hiyo ongea taratibu, sentensi fupi, wala usipandishe sauti. Maneno machache ya kuanzia: yuwayi ni ndiyo, lawa ni hapana, ngapa ni maji, ngurrju ni nzuri. Ukisema ngurrju watacheka kwa furaha maana wageni wengi hawajaribu hata hilo moja.

Hodi ya simu na kibali

Ardhi kubwa ya huku ni mali ya Waaborijini wenyewe kisheria, kuna sheria ya haki za ardhi ya mwaka 1976 inayohusu jimbo hili la Northern Territory, na kwa upande wetu huu vibali vinatolewa na Central Land Council, yaani baraza la ardhi la Waaborijini, ofisi yao iko hapa hapa Alice. Kuomba ni bure, ila usiombe leo ukategemea kusafiri kesho, wape kama wiki mbili maana wao nao wanapaswa kuwauliza wenye ardhi. Barabara kuu ya Tanami ni ya umma, ukibaki juu yake hakuna shida, lakini ukikata kona kuingia njia za pembeni tayari uko kwenye ardhi ya mtu.

Kabla hujajaza fomu yoyote, piga simu kituo cha sanaa cha Warlukurlangu. Hicho ndo mlango wa mgeni pale Yuendumu. Kimeanzishwa 1985, ni cha wasanii wenyewe, kinapokea wageni siku za kazi. Waambie unataka kuja tarehe fulani, mko wangapi, uulize kama ni wakati mzuri na kama safari yenu ilivyo inahitaji kibali. Wakikwambia wiki hiyo hapana, basi ni hapana, usianze kubembeleza, panga wiki nyingine. Nimeona watu wananuna kwa sababu wameshalipia tiketi ya ndege, na hasira wanazielekeza kwa watu ambao hata hawakuwaalika.

Ukitaka kuendelea magharibi kuvuka kuingia jimbo la Western Australia, kwa mfano ile barabara ndefu ya Great Central Road inayopita Warburton, jua utahitaji vibali viwili maana kila jimbo lina chake.

Nenda lini

Mei mpaka Septemba. Mchana jua zuri, anga bluu tupu, ila usiku jamani ni baridi, Julai inaweza kushuka chini ya sifuri, unaamka maji kwenye ndoo yana barafu juu. Watu wetu wanakuja na tisheti wakidhani jangwa ni joto tu, beba sweta nzito na kofia ya sufu. Desemba mpaka Februari usiende. Joto linapita 40, mvua zikinyesha barabara zinafungwa, na pia ndo msimu wa jando, wavulana wanapelekwa kufundwa, kuna njia zinafungwa kabisa kwa ajili ya shughuli hiyo. Ukikuta alama ya kuzuia au watu wamesimama barabarani wanakwambia geuza, geuza hapo hapo, usiulize kuna nini, na usichungulie. Sisi tuliotoka kwenye jamii zenye jando na unyago hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Gari

Hapa ndo pesa nyingi inapotea kwa hiyo nakaa kidogo. Kuendesha ni kushoto kama nyumbani, hiyo nafuu. Barabara ya Tanami inaachana na ile kuu ya Stuart kama kilomita 20 kaskazini ya Alice, na sehemu kubwa ya kwenda Yuendumu sasa ni lami. Lakini mitaa ya kijijini na njia za pembeni ni vumbi jekundu na mawe, na ukiendelea mbele kuelekea mji wa Halls Creek, jumla ni zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Alice, huko ni vumbi la kweli lenye makorongo madogo madogo yanayotikisa gari mpaka skrubu zinafunguka.

Kukodi gari: soma mkataba neno kwa neno, hasa pale pa bima kwenye barabara zisizo na lami. Mimi mara ya kwanza nilisaini tu kwa haraka, nikarudi na tairi moja limechanika na kioo cha mbele kina ufa, kumbe bima ilikuwa inaishia lami inapoishia, nililipa mshahara wangu wa wiki mbili. Uliza swali moja kwa mdomo na uombe jibu kwa maandishi: nikienda Yuendumu, je bima inanifuata? Chukua 4x4 ya dizeli, na spea mbili kama wanazo, na jeki ambayo umeijaribu mwenyewe kabla ya kuondoka. Beba pampu ndogo ya upepo. Ukiingia vumbi shusha upepo wa matairi kidogo, kama ulikuwa 38 weka 28 au 30, mtikisiko unapungua na tairi halichaniki hovyo, ukirudi lami ujaze tena.

Petroli nayo ina habari yake. Kwenye vijiji vingi vya huku wanauza petroli ya aina maalum isiyo na zile hewa za kulevya, ilianza kusambazwa 2005 kwa sababu vijana walikuwa wananusa petroli na wakaharibika ubongo na kufa, na akina mama wa vijiji hivi walipigana sana mpaka ikaja. Gari lako haliumii nayo. Kwa hiyo usibebe madumu ya petroli ya kawaida ukaingia nayo kijijini, hata kama nia yako ni njema. Ndo sababu nyingine nasema chukua dizeli.

Mzigo

Maji lita 10 kwa kila mtu kwa kila siku, na uongeze akiba ya siku mbili hata kama unaenda na kurudi siku hiyo hiyo. Usiweke yote kwenye dumu moja, likitoboka umekwisha. Chakula, kofia pana, wavu wa uso wa kuzuia nzi, miwani, krimu ya jua hata kama ngozi yako ni nyeusi, huduma ya kwanza, tochi, blanketi. Netiweki ya simu unaipata kijijini, ya kampuni ya Telstra, ila katikati hakuna kitu, ukitoka Alice tu inakatika. Kwa hiyo kodi simu ya setilaiti, au kile kifaa kidogo cha dharura unachobonyeza wanapata mahali ulipo. Mwachie mtu mmoja mjini ratiba yako, umwambie usiponisikia mpaka saa fulani ita msaada. Mtu wa uhakika, sio yule anayelala bila kuangalia simu.

Na pombe. Yuendumu hawaruhusu pombe, sio kunywa tu, hata kuwa nayo kwenye gari. Utaona mabango njiani. Adhabu ni kubwa na gari linaweza kukamatwa, lakini hata bila adhabu, familia za pale zimezika watu kwa sababu ya pombe na zimeamua hazitaki. Angalia mpaka chini ya siti, kama kuna kopo lilisahaulika toa.

Njiani

Ondoka asubuhi jua likiwa limeshatoka, rudi kabla halijazama. Alfajiri na magharibi kangaruu na ng'ombe wanajaa barabarani, na ng'ombe mweusi usiku humuoni mpaka umeshamgonga. Huku pia kuna malori yanayovuta matela matatu au zaidi, urefu unafika mita 53 na nusu, mengi yanapeleka mizigo kwenye migodi ya dhahabu ya Tanami. Likija mbele yako punguza, sogea kushoto kabisa, subiri vumbi litulie ndo uendelee. Kulipita kwenye vumbi usijaribu.

Gari likiharibika usiliache. Nasema hili kwa nguvu maana silika inakwambia tembea utafute msaada. Gari linaonekana kutoka angani, lina kivuli, lina maji yako. Mtu anayetembea peke yake kwenye nyika ile haonekani na joto linammaliza kabla hajafika popote. Kaa hapo, fungua boneti, tandika kitu cha rangi kali juu. Na wewe ukiona gari limesimama pembeni, simama uulize mnahitaji maji? Ndo adabu ya huku, hakuna anayepita tu.

Kufika

Endesha pole pole kabisa, watoto wanacheza barabarani na mbwa ni wengi, wamelala katikati ya njia, na kila mmoja ana mwenyewe hata kama haonekani. Kituo cha sanaa kinatumia sehemu ya mapato yake kutibu na kulisha mbwa hao. Nenda moja kwa moja kituo cha sanaa, ujitambulishe, halafu waulize wapi unaruhusiwa kutembea na wapi hapana. Usizunguke mitaani ukichungulia nyumba. Kama mtu amekualika kwake, simama getini au kaa kwenye gari, akikuona atakuja au atakupungia mkono. Ni hodi ileile, ila ya kimya. Dakika kumi zinaweza kupita, tulia tu.

Salamu ya mkono ni laini, kugusa tu, usiminye. Usimkodolee mtu macho usoni, hasa mzee, na usione vibaya yeye asipokuangalia, ni heshima hiyo, na mtu yeyote aliyelelewa na bibi yake kijijini Tanzania ataijua hapo hapo. Kimya pia. Umeuliza swali, mtu amenyamaza, usirudie swali kwa sauti zaidi, anafikiria, au hataki kujibu, au sio yeye mwenye haki ya kulijibu. Habari nyingine ni za wanaume tu, nyingine za wanawake tu. Mwanaume aongee zaidi na wanaume, mwanamke na wanawake, mambo yataenda vizuri.

Picha uliza kila mara, kwa kila mtu, na kwa mtoto muulize mzazi. Sehemu nyingine za vilima na visima ni takatifu na hazipigwi kabisa.

Jina la ngozi

Hili ndo lilinifungua macho mimi. Mkikaa na watu mara kadhaa wataanza kukuuliza wewe ngozi gani, na wala hawaulizi rangi. Wawarlpiri wamegawanyika makundi manane, kila kundi lina jina la mwanaume linaloanza na J na la mwanamke linaloanza na N: Jakamarra na Nakamarra, Jampijinpa na Nampijinpa, Jangala na Nangala, hivyo hivyo mpaka manane. Unazaliwa nalo kufuatana na wazazi wako. Jakamarra kwa utaratibu anaoa Napaljarri, na watoto wao wanakuwa Jupurrurla na Napurrurla. Ukishajua jina la mtu unajua papo hapo huyu ni dada yangu, huyu ni baba mdogo, huyu naweza kumtania, huyu nimkae mbali. Mgeni anayekaa muda na kufanya kazi nao wanaweza kumpa jina, ili tu ajulikane anakaa wapi kwenye undugu. Usiliombe wala usijipe mwenyewe. Ukipewa, limekuja na wajibu, una ndugu sasa.

Na mkwe! Mwanaume na mama mkwe wake hawaongei, hawakai pamoja, hawatazamani, hata wale walioko kwenye nafasi ya mama mkwe kwa ngozi tu. Siku moja nilitaka kumpa lifti kijana mmoja, akachungulia ndani ya gari akageuka akaondoka bila neno, nikadhani nimemuudhi. Bibi aliyekaa siti ya nyuma akanieleza, yule ni mkwe wangu. Nikakumbuka nyumbani, bibi yangu alivyokuwa anapita nyuma ya nyumba ili asikutane na mkwewe. Kwa hiyo ukitoa lifti, subiri wao wenyewe wapange nani anakaa wapi na nani anabaki.

Kama kuna msiba

Mtu akifariki shughuli nyingi zinasimama, ofisi zinaweza kufungwa, familia inahama nyumba, watu wanakusanyika kwenye kambi ya msiba siku nyingi. Jina la marehemu halitajwi tena, na hata aliye hai mwenye jina kama hilo anaitwa Kumanjayi badala yake. Picha zake zinafichwa. Ukifika ukakuta hivyo, kituo kitakwambia, nawe geuza urudi. Umeendesha kilomita 290, ndiyo, najua. Geuza urudi.

Kununua mchoro

Nunua pale pale kama una uwezo. Mwaka 1984 wazee watano walichora milango 30 ya shule ya Yuendumu, ili watoto wao waione Jukurrpa kila wanapoingia darasani, yaani zile habari za mababu walioumba nchi na sheria ya kuishi humo. Mwaka uliofuata kituo kikaanzishwa, na milango ile leo iko makumbusho ya South Australia. Kila mchoro una Jukurrpa yake, kwa mfano Ngapa Jukurrpa ya maji na mvua, na si kila mtu anaruhusiwa kuchora kila habari, ni urithi. Chukua cheti kinachokuja nao, kina jina la msanii na maelezo. Usilalie bei kama uko Kariakoo, bei ni ya kituo na sehemu yake inamwendea msanii. Mjini kuna vitu vya bei rahisi vyenye vidoti vidoti ambavyo havikuchorwa na mtu wa huku kabisa, ukikuta hakuna jina la msanii wala cheti acha.

Ukipita dukani nunua kitu, hata maji tu. Bei ziko juu maana kila kitu kinakuja kwa lori kutoka mbali. Kwenye friza utakuta mikia ya kangaruu, wanaichoma kwenye majivu, ukikaribishwa kula kaa ule, ina mafuta na ladha kama ya mkia wa ng'ombe.

Hoteli ya watalii hakuna. Mpango wangu mimi ni kutoka Alice saa moja na nusu asubuhi, kufika kabla ya saa tano, kuondoka saa nane mchana. Kulala porini njiani usilale bila ruhusa, kila kipande cha ardhi kina mwenyewe, kama sio Waaborijini basi mfugaji.

Ukirudi

Kama uliingia njia za pembeni lala chini uangalie tumbo la gari, zile nyasi kavu za spinifex zinajikusanya karibu na ekzosi na zinashika moto. Zing'oe zote. Mpigie yule uliyemwachia ratiba.

Na zile picha ulizoruhusiwa kupiga, zichapishe kwenye karatasi uzitume kwa posta kituo cha sanaa, watu wanazipenda sana, nimekuta picha yangu ya mwaka juzi imebandikwa ukutani kwa mtu. Ila kabla ya kutuma piga simu kwanza, useme kwenye picha wapo nani na nani, wakwambie kama wote bado wapo. Mara moja niliambiwa ngoja kwanza, na bahasha ikakaa kwenye droo yangu mwaka mzima mpaka familia iliposema sasa sawa, tuma.